Lundo Lisilo na Tawi

Kwanza ni ule mlio. Bhagirathi aliukumbuka mpaka uzeeni, na kila alipotaka kuuelezea aliacha maneno kabisa, akavuta pumzi hadi tumboni, akafunga mdomo, kisha akaitoa taratibu kooni: mngurumo mnene, wa chini, kama wa mbwa aliyefungiwa ndani ya mtungi. Nyoka wengine hulia kama tone la maji lililodondokea mafuta ya moto. Huyu alinguruma.

Waliomsikiliza walicheka, kwa sababu katika kitongoji kile yeye ndiye aliyejulikana kwa sauti. Akisimama mlangoni kumwita ng'ombe wake, Kempi, ng'ombe wa ng'ambo ya mto nao huinua vichwa. Akiagana na mgeni, mgeni huendelea kuagwa mpaka amefika barabarani. Mumewe, Timmappa, mtu mpole aliyeshinda juu ya mipopoo akikata vichala vya popoo, alikuwa akisema, "Wenzangu walinunua redio. Mimi nilioa." Bhagirathi mwenyewe hakuona aibu. Alikuwa amezaliwa ukingo wa mto wenye maporomoko, ambako anayenong'ona hupoteza maneno yake.

Alikuja kuolewa huku juu, kwenye nyumba tatu zilizobanana chini ya msitu, akakuta maisha yote yanategemea jani lililokauka. Bondeni kuna mipopoo, mirefu na myembamba, na mipopoo hula mbolea kama mgonjwa aliyepona anavyokula uji. Mbolea hutoka zizini. Zizini ng'ombe hulalia majani makavu, na majani hayo hufagiwa msituni wakati wa jua, yakawekwa kibandani, yakatandikwa kidogo kidogo wakati wote wa mvua. Na mvua ya kule haiji ikaondoka. Inahamia. Inakaa miezi, mpaka nguo huota ukungu kwenye kamba na chumvi hugeuka maji ndani ya chungu. Mwenye kibanda kitupu wakati huo, ng'ombe wake husimama kwenye tope la mavi yake, kwato zikaoza. Majani mabichi hayasaidii kitu, maana nayo hugeuka tope.

Basi kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha msitu wa kufagia, na sheria ilikuwa moja, nyepesi hata kwa mtoto. Ukifagia ukakusanya lundo, unakata tawi bichi, unaliweka juu, unalikandamiza kwa jiwe. Lundo lenye tawi lina mwenyewe. Linaweza kukaa pale hadi lioze. Hakuna mkono mwingine utakaoligusa.

Kipande cha nyumba ya Timmappa kilikuwa kimegawanywa sehemu mbili. Sehemu ya juu, kuanzia jabali jeusi, mzee wao alimpa Chaudamma, dada yake Timmappa, alipofiwa na mume akarudi nyumbani mkufu wa ndoa umekatwa shingoni, na sanduku moja la bati mkononi. Sehemu ya chini ikabaki kwa Timmappa, maana yake kwa Bhagirathi, kwa kuwa Timmappa na ufagio hawakupatana.

Watu walitazamia vita. Mawifi wawili, msitu mmoja. Lakini wale wawili walipendana tangu wiki ya kwanza. Walisukana nywele barazani, walitafuna tambuu kutoka kijaluba kimoja, na walipofagia, mmoja juu ya jabali na mwenzake chini, walipigiana soga siku nzima, yaani Bhagirathi alipiga soga na Chaudamma akatupia neno moja moja lenye makali. Chaudamma alikuwa mkimya, mwembamba kama wembe, na alikuwa na mkono wa majani. Hilo kila mtu alikiri. Malundo ya wengine huvimba leo, kesho upepo ukayatawanya. La Chaudamma hukaa. Alilishindilia kwa namna yake, jani juu ya jani kama vigae, hata ukilipiga teke mguu ndio unaoumia.

Hiyo ndiyo sababu ya kosa lote.

Ilikuwa mwezi wa joto, mawingu yameanza kukusanyika alasiri bila kunyesha. Bhagirathi alikuwa amemaliza miteremko yake yote isipokuwa bonde dogo lililo kati ya kijito na ukuta wa mwamba. Bonde lile aliliacha mwisho kila mwaka, kwa sababu miti yake huangusha majani kwa kuchelewa, na ndilo lililojaza theluthi ya mwisho ya kibanda chake. Alishuka akiwa na ufagio begani na ngata kichwani, akiimba, akakuta kazi imekwisha fanywa.

Katikati ya bonde, pale linapokuwa jembamba, palikuwa na lundo. Lilimfika magotini, la mviringo, limeinuka katikati kama kawa la sinia. Kulizunguka, ardhi ilikuwa imesafishwa ikabaki nyeupe.

Bhagirathi alisimama akalisoma, kama vile wengine wanavyosoma barua. Limeshindiliwa. Limepangwa. Upepo ulipita bondeni na halikutikisika hata jani moja. Tawi hakuna. Alitafuta mistari ya ufagio chini, hakuiona. Alitafuta nyayo, hakuziona. Hapo ndipo mwingine angejiuliza ni mkono gani unaofagia bila ufagio na kutembea bila miguu. Bhagirathi hakuwa mtu wa kujiuliza mara mbili. Alijua mkono ule. Kulikuwa na mwanamke mmoja tu katika milima ile aliyeweza kulishindilia lundo namna ile, na mwanamke huyo alikuwa amevuka jabali kisirisiri, akafagia kwa viganja ili asiache mistari, na akaliacha bila tawi ili lisitaje jina lake.

Alishuka na hasira yake moja kwa moja hadi kwenye maji.

Maji ya kitongoji yalitoka mlimani kwa mfereji wa gogo la mpopoo lililopasuliwa, yakaanguka penye jiwe pana, na hapo wanawake walijaza vyungu. Chaudamma alikuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu. Kando yake aliketi Bi Kenchamma wa nyumba ya tatu, mtu mzima, aliyekuja kuchota maji saa moja kabla ya kuyahitaji, ili asipitwe na lolote.

"Wifi," Bhagirathi alisema, "natoka bondeni kwangu."

"Pole na njia," Chaudamma alisema bila kugeuka. "Huko hawajambo?"

"Kuna lundo."

"Msituni? Ajabu."

"Lundo lako."

Sasa Chaudamma aligeuka. "Langu liko juu ya jabali. Lina tawi."

"Hili halina tawi. Ndiyo maana najua ni la mwizi."

Bi Kenchamma aliacha kutafuna.

"Umeona nyayo zangu huko?" Chaudamma aliuliza.

"Sikuona nyayo."

"Kwa hiyo nimeruka kama popo."

"Umefagia kwa viganja, ukirudi kinyumenyume. Nakujua."

"Kwa viganja. Na mgongo huu ninaopakwa mafuta na wewe mwenyewe kila jioni."

"Nani mwingine anashindilia hivyo?" Bhagirathi alisema, na sauti yake ilianza kupanda mlima. "Mimi? Bi Kenchamma?"

"Mimi mniache," Bi Kenchamma alisema. "Malundo yangu hata kuku anayadharau."

"Sema tu umechukua, wifi. Ungeniomba ningekupa. Lakini kuvuka jabali la baba kwa kunyata, ukafagia bonde langu la mwisho na mvua iko mlangoni, huo ni wizi, na mwizi ni mwizi hata akiwa wa nyumbani."

Maneno yale yaliondoka pale mferejini yakapita mipopoo, yakamfika Timmappa juu ya mti wake, yakaendelea. Ng'ambo ya mto mtu aliyekuwa akipasua kuni alisimamisha shoka.

Chaudamma alisuuza sufuria yake polepole. Akaiweka kiunoni. "Sauti hiyo imefika barabarani, wifi," alisema. "Siku utakapotaka kuirudisha, uirudishe hapahapa, na iwe kubwa hivyohivyo." Akaenda zake. Jioni ile kijaluba cha tambuu kilibaki kwake, na mafuta ya mgongo yakabaki kwa Bhagirathi.

Kesho yake asubuhi Bhagirathi alirudi bondeni na vikapu viwili. Lundo lisilo na tawi halina mwenyewe, na lililo katika bonde lake ni lake. Aliweka kikapu chini, akainama, akanyoosha mikono yote miwili.

Ndipo ukaja ule mlio.

Haukutoka upande wowote. Ulitoka chini, ukamwingia kwa nyayo kabla ya kumfika masikioni. Nyuma ya lundo kitu alichokidhani ni mzizi kilisogea, kikainuka, kikaendelea kuinuka, mpaka yeye na kile kitu wakawa wanatazamana uso kwa uso, mwanamke aliyeinama na kalinga, swila mkubwa kuliko wote, aliyesimama.

Alikuwa amewahi kumwona kalinga mara mbili maishani, kwa mbali, mkia tu ukiishia vichakani. Huyu alikuwa mzima mbele yake: ubapa wa shingo iliyopanuka, koo la rangi ya siagi, mgongo wa zeituni iliyoiva wenye mishipi hafifu iliyofifia kama chaki ya jana ukutani. Ulimi ulitoka ukaonja hewa, ukarudi. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na shughuli. Yalimtazama Bhagirathi kama mama mwenye mtoto mgonjwa anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi kwa nguvu.

Bhagirathi hakupiga kelele. Jambo hilo Timmappa hakuliamini mpaka alipokufa. Alirudi nyuma, unyayo baada ya unyayo, akiacha kikapu pale kilipo, na kalinga akamfuata kwa macho tu. Alipofika mbali ya kutosha, yule nyoka alijishusha taratibu, akajizungusha juu ya lundo na kulaza kidevu chake kwenye majani.

Mwingine angekimbia. Bhagirathi alipanda jiwe bapa lililo juu ya bonde, akaketi, akatazama, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumtoa kwenye bonde lake bila yeye kujua ni kwa nini. Na akaona. Jani pana lilianguka kutoka mtini, likatua pembeni. Kalinga aliteremka nusu ya mwili, akaukunja kama mkono unaomkumbatia mtoto, akalizingira jani lile pamoja na mengine machache, akayavuta hadi kwenye lundo, akayakandamiza kwa uzito wake. Kisha akapita juu yake mara moja zaidi, polepole, akilishindilia.

Ardhi nyeupe isiyo na mistari. Kuba lisilotikisika. Hakuwa nyoka aliyejificha kwenye majani. Alikuwa ndiye mwenye lundo.

"Kalinga jike," Timmappa alisema mchana, uji umempoa mkononi. "Baba alikuwa anatusimulia. Nyoka wote hutaga wakaenda zao, huyu peke yake anajenga. Mayai yako ndani, humo kwenye joto. Atayakalia mpaka katikati ya mvua, hali, hashuki, labda kunywa tu kijitoni."

"Halafu?"

"Halafu siku chache kabla hayajapasuka, anaondoka. Chakula chake ni nyoka, mke wangu. Nyoka wengine hula panya na vyura, lakini huyu riziki yake ni nyoka wenzake. Baba alikuwa anasema anaondoka ili njaa isije ikamdanganya wanawe wakitoka. Wanatoka wembamba kama kidole, weusi, wana pete za rangi ya maziwa, na sumu wanayo tayari."

Bhagirathi aligeuza uso kuelekea msituni.

"Nitaita watu," Timmappa alisema. "Tuwashe moshi upande wa mwamba, atahama. Mayai tutayasogeza."

"Lundo lile nani kalifagia?"

"Nyoka."

"Nani kalishindilia?"

"Nyoka, lakini msitu ni wetu."

"Msitu wetu, lundo lake. Ukiligusa utakuwa umevunja sheria ya baba yako kabla ya kuvunja ya miungu. Nani alikuambia sheria ile ni ya wenye miguu miwili tu?"

Timmappa alitazama uji wake. "Tutakosa majani ya bonde zima."

"Tutakosa."

"Na Kempi anazaa mvua ikianza."

"Najua ng'ombe wangu anazaa lini."

"Na Chaudamma?"

"Chaudamma ana nini?"

"Ulimwita mwizi."

"Nilimwita mwizi kwa sababu ya lundo."

"Na sasa?"

"Na sasa kunywa uji."

Alasiri Bhagirathi alikata tawi bichi, refu, lenye majani mapana yanayoonekana kwa mbali. Hakwenda hadi kwenye lundo. Aliliweka penye njia ya kuingilia bondeni, akalikandamiza kwa jiwe, akajifuta mikono kama aliyemaliza kazi ya mtu mwingine vizuri. Wapita njia waliliona wakageuka. Jioni, mferejini, alitangaza kwa sauti yake yote kwamba bondeni kwake kuna kalinga anayelea, na mtu asipite.

"Ajabu," Chaudamma alisema akijaza chungu. "Jana kulikuwa na mwizi, leo kuna kalinga. Bonde hilo lina wageni wengi."

"Huamini?"

"Naamini kila kitu, wifi. Nasubiri tu na lile neno lingine."

Bi Kenchamma alitazama kwa huyu, akatazama kwa yule, akamimina maji yake chini ili apate sababu ya kuchota upya.

Mvua ilihamia mapema mwaka ule. Ilikuja na upepo, ikapiga mapaa ya makuti, ikajaza mto mpaka mto ukaanza kuongea kama watu wa kwao Bhagirathi. Aliyatandika majani yake kwa ubahili. Akapunguza. Akachanganya na maganda ya popoo, yakawachoma ng'ombe kwato. Akatandika makuti ya mipopoo, yakateleza. Kibanda kilishuka mpaka akaona ukuta wa nyuma, na zizini Kempi, tumbo limening'inia na kiwele kimeanza kujaa, alisimama akiinua mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu asiye na viatu juani. Ndama akizaliwa kwenye tope lile, kitovu chake kitaoza. Bhagirathi alikwisha kumzika ndama mmoja namna hiyo, mwaka wa kwanza wa ndoa yake, kabla hajajua thamani ya jani.

Na nyumba ya pili tu kutoka pale, kibanda cha Chaudamma kilikuwa kimejaa hadi kwenye boriti.

Timmappa alikwenda kwa dada yake bila kuambiwa, akarudi amelowa. "Anasema mimi nichukue ninachotaka, ni majani ya baba," alisema. "Lakini anasema ng'ombe ni wa mke wangu, na mke wangu ana mdomo."

"Hukuchukua?"

"Ningechukua ungenifanya nini?"

Bhagirathi alikwenda zizini kumtazama Kempi. Asubuhi iliyofuata alivaa gorabe, lile ganda la makuti linalofunika kichwa na mgongo kama gamba la kobe, akaenda mferejini. Chaudamma alikuwepo. Bi Kenchamma alikuwepo, naye pia ndani ya gorabe lake, kama kobe anayengoja habari. Wote watatu walijua amekuja kusema nini. Bhagirathi alijaza kifua pumzi. Sauti ilikuwepo, haikuwahi kumkosa maishani, aliihisi imesimama tayari kooni. Alifungua mdomo.

"Mvua kubwa leo," alisema, na ng'ambo ya mto walisikia.

"Kubwa kweli," Chaudamma alisema, akajitwisha chungu.

Alikuwa amejifunza jambo juu yake mwenyewe ambalo hakulipenda. Sauti yake ilijua kutuma, haikujua kurudisha. Angeweza kusema lolote chini ya mbingu kwa nguvu ile, kuita, kutukana, kuomboleza, kuuza popoo, isipokuwa lile neno moja. Neno lile kwa sauti kubwa lilikuwa halitoki, kama chungu kisichopita mlangoni.

Siku mbili mbele, Kempi alikataa kula. Akalamba mgongo wake, akatazama nyuma. Bhagirathi alipapasa mapaja ya ng'ombe, akajua ni kesho, au usiku wa kesho. Alinawa mikono, akaenda hadi mlangoni kwa Chaudamma na kusimama chini ya matone.

"Twende bondeni," alisema.

"Mvua hii?"

"Ulisema unaamini. Njoo uamini kwa macho."

Chaudamma alimtazama kwa muda. Akachukua gorabe lake ukutani, akamwita Timmappa aliyekuwa akipita na mundu, akamwambia neno sikioni, kisha akatoka. Walijipaka chokaa ya tambuu miguuni kwa ajili ya ruba, wakapanda. Njia ilikuwa mto mdogo. Penye jabali jeusi Chaudamma alisimama kidogo, akaligusa kwa kiganja, akalipita upande wa chini kwa mara ya kwanza tangu baba yake alipogawa msitu, akimtazama wifi yake kana kwamba anasema, shahidi ni wewe.

Walilipita tawi, limekauka sasa, limelala chini ya jiwe lake. Wakapanda kwenye jiwe bapa kwa magoti. Bhagirathi aliweka kidole mdomoni, jambo ambalo Chaudamma hakuwahi kumwona akilifanya kwa mtu yeyote.

Bonde lilikuwa limefurika mvua, maji yakiteremka kwenye mwamba kama nyuzi, kijito kimekuwa chekundu. Katikati yake lundo lilikuwa palepale. Maji yalilipiga yakateleza kwenye majani yaliyopangwa kama vigae, yakamwagika pembeni. Ungeweza kujua bila kuligusa kwamba ndani kumekauka. Na juu yake, mduara juu ya mduara, mweusi kwa kulowa, alilala mwenyewe. Alikuwa amekonda. Ngozi ilimkaa kando ya uti wa mgongo kama nguo ya kuazima. Mvua ilimpiga kichwani na hakusogea.

Chaudamma aliacha kupumua. Gorabe lake liligusa jiwe, kwa sauti ndogo mno, na kule chini ile mizunguko ilifunguka. Kalinga alisimama. Shingo ikapanuka, koo la siagi likaonekana katikati ya mvua, na ule mlio ukapanda bonde taratibu ukawafikia pale walipolala kifudifudi bega kwa bega. Chaudamma aliushika mkono wa wifi yake. Hakuuachia hata nyoka aliporudi kulala.

Walikaa hivyo muda mrefu.

"Amekonda," Chaudamma alinong'ona mwishowe.

"Hali."

"Na lundo hili." Aliliangalia kwa jicho la fundi, toka chini hadi juu, akaona ardhi iliyosafishwa, akaona kuba, akaona maji yanavyokimbia. "Ulipoliona hili ukasema ni mkono wangu."

"Ndiyo."

"Si wa Bi Kenchamma."

"Hata kidogo."

Mabega ya Chaudamma yalianza kutikisika. Bhagirathi alidhani analia, akageuka, akakuta anacheka, meno yamemng'ata mdomo wa chini, machozi na mvua vinachanganyika. Alipoweza kunong'ona tena alisema, "Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunisifu hivyo."

Bhagirathi alitazama chini.

"Majani yapo zizini kwako sasa hivi," Chaudamma alisema. "Nilimwambia kaka ayachukue kabla hatujapanda. Vikapu sita, na akiona haba aongeze. Kempi ana kosa gani?"

"Kabla hatujapanda?"

"Kabla. Hata kama tungekuta bonde tupu."

Kwa hiyo hakukuwa tena na kitu cha kununua kwa neno lile. Ng'ombe alikuwa amelala pakavu, ndama angezaliwa pakavu, na Bhagirathi angeweza kuteremka mlima akiwa na mdomo wake mzima na hakuna ambaye angemdai. Alilala pale juu ya jiwe, kidevu kimegusa mwamba wa baridi, akamtazama yule mama mwenye njaa ambaye lundo lake halikuhitaji tawi. Chini yao palikuwa mahali pekee katika dunia nzima ambapo hakuweza kupaza sauti.

"Hukuiba, wifi," alisema. "Nilikosea."

"Sijasikia," Chaudamma alisema. "Tulikubaliana iwe kubwa."

Kule kwenye lundo kichwa kiliinuka kidogo, kikasikiliza, kikangoja.

Bhagirathi alisogea mpaka gorabe lake likapanda juu ya gorabe la mwenzake, mpaka akanusa tambuu ile aliyoikosa tangu mwezi wa joto, na akauweka mdomo wake karibu kabisa na sikio la wifi yake.

"Nilikosea," alisema, kwa sauti ndogo hata mvua haikuisikia.